Shajara ya Mradi: Paneli ya Mipangilio kwa Kompyuta za Maabara ya Shule

Wiki ya 1

Kazi tuliyojipa ni kutengeneza programu moja ya mipangilio itakayochukua nafasi ya madirisha madogo mengi yanayokuja na Xfce 4.18 (mazingira ya eneokazi, yaani madirisha na menyu) ndani ya Debian 12 (mfumo endeshi wa Linux), na lugha yake ya kwanza iwe Kiswahili tangu mstari wa kwanza wa msimbo, isiwe tafsiri ya kubandikwa baadaye. Watumiaji tunaowalenga tunawajua kwa sura: ni wanafunzi na walimu wa shule moja ya sekondari mkoani Tanga, yenye kompyuta 18 za mezani zilizokwisha kutumika kwingine pamoja na kompyuta mpakato nne, nyingi zikiwa na RAM ya GB 4 na skrini ya pikseli 1366 kwa 768. Tuko watatu. Mmoja anashughulikia kiolesura, wa pili anashughulikia huduma za mfumo, nami nimepewa lugha, majaribio na uandishi wa shajara hii.

Siku tatu za mwanzo hatukuandika msimbo wowote. Tulikaa maabara tukamwomba mwalimu anayeisimamia atuoneshe mambo anayoyarekebisha kwenye mashine zake kila wiki. Alifungua kabati akatoa kaunta buku yenye jalada lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, na ndani yake kila mashine ina namba na kurasa zake. Kwenye ukurasa wa mashine namba 7 ameandika kwa wino mwekundu: “Ikisema tovuti si salama, usihangaike na mtandao, angalia tarehe kwanza.” Ukurasa mwingine una mchoro wa vishale kumi na kimoja unaoonesha njia ya kurudisha skrini katika ukubwa wake wa kawaida. Tuliipitia kaunta buku ile yote tukaona kwamba zaidi ya nusu ya maelezo yake yanahusu mambo matatu, yaani saa, mtandao na skrini. Hizo ndizo zitakuwa kurasa zetu tatu za kwanza, na kurasa nyingine zitangoja zamu yake.

Wiki ya 2

Kabla ya kuchora chochote tuliangalia waliotutangulia walifanya nini. Paneli ya Macintosh ya mwaka 1984 ilienea katika dirisha moja dogo lililotegemea picha kuliko maneno, na kasi ya kibodi ilioneshwa kwa picha ya kobe upande mmoja na sungura upande wa pili, alama ambayo mtoto yeyote aliyesimuliwa hadithi za sungura na kobe anaielewa bila kufundishwa. Windows imekuwa na paneli yake tangu toleo la kwanza la mwaka 1985, kisha mwaka 2012 Windows 8 ikaleta programu mpya ya mipangilio bila kuiondoa ile ya zamani, na kwa zaidi ya miaka kumi zote mbili zikaendelea kuishi katika mfumo mmoja. Hali hiyo ya pili ndiyo tunayoikimbia. Mpangilio mmoja ukiwa na milango miwili, mtumiaji hajui ni mlango upi unaosema kweli, na hatimaye anaacha kuiamini yote miwili.

Kwa sababu hiyo tumekubaliana kwamba paneli yetu haitahifadhi thamani yoyote ndani yake yenyewe. Itasoma kutoka kwa mwenye habari na itaandika kwa huyo huyo: mambo ya mandhari na kibodi kwa xfconf (hifadhi ya mipangilio ya Xfce), mtandao kwa NetworkManager (huduma inayosimamia mtandao), na saa kwa huduma ya timedated ya systemd (msimamizi wa huduma za mfumo). Dirisha la zamani la Xfce likifunguliwa sambamba na letu, yote mawili yatakuwa yanachungulia kisima kimoja.

Wiki ya 3

Wiki hii tulijifunza kwamba kusoma kutoka kwa mwenye habari hakutoshi. Mwanafunzi mmoja alituletea kompyuta mpakato ambayo, kwa maneno yake, mtandao umewaka lakini haupo. Swichi ya Wi-Fi katika paneli yetu changa ilikuwa upande wa kuwaka, rangi ya kijani, na orodha ya mitandao chini yake ilikuwa tupu. Tulihangaika karibu saa nzima na viendeshi kabla ya mmoja wetu kuigeuza mashine na kuona, ubavuni karibu na tundu la spika za masikioni, swichi ndogo ya plastiki iliyokuwa imesogezwa kuelekea alama nyekundu.

NetworkManager alikuwa analijua jambo hilo tangu mwanzo. Ana sifa mbili zinazotofautiana: ya kwanza, WirelessEnabled, inaeleza iwapo programu imeruhusu Wi-Fi, na ya pili, WirelessHardwareEnabled, inaeleza iwapo kifaa chenyewe kimeruhusiwa. Sisi tulisoma ya kwanza tu tukaipaka kijani. Sasa ukurasa wa mtandao unazisoma zote mbili, na ile ya pili ikisema hapana, swichi yetu inafifia na sentensi inatokea chini yake: “Wi-Fi imezimwa kwa swichi iliyo kwenye kompyuta yenyewe, mara nyingi ubavuni au juu ya kibodi. Paneli hii haiwezi kuiwasha. Isogeze kwa mkono.” Ni sentensi ndefu kwa paneli, na mwenzangu wa kiolesura alitaka ikatwe nusu. Nimeitetea ibaki nzima, kwa kuwa inamwambia mtu mahali pa kupeleka mkono wake.

Baada ya hapo tulibadilisha tabia ya swichi zote. Awali mtumiaji akibofya, swichi ilihamia upande wa pili papo hapo na ombi likapelekwa kwa huduma husika, hata kama ombi lenyewe lingekataliwa sekunde mbili baadaye. Swichi ya GTK, maktaba ya kuchorea madirisha na vitufe, ina uwezo ambao hatukuwa tunautumia: inatenganisha mahali kilipo kidole cha swichi (ile sehemu inayoteleza) na hali iliyothibitishwa, na inampa mwandishi wa programu nafasi ya kuchelewesha uthibitisho. Sasa kidole kinasogea kwa kubofya, lakini rangi haibadiliki mpaka huduma itangaze kupitia D-Bus (njia ambayo programu hupashana habari) kwamba sifa yake imebadilika kweli. Kwenye mashine za haraka tofauti haionekani. Kwenye hizi zetu mtu anaiona, na anaelewa kuwa jambo lipo njiani.

Wiki ya 5

Hapa ndipo lugha ilipodai haki yake, na nimeifurahia wiki hii kuliko zote.

Programu nyingi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili zina neno moja la swichi iliyowashwa na neno moja la swichi iliyozimwa, na mfasiri hupewa maneno hayo mawili yakiwa peke yake, bila kuambiwa yatasimama karibu na kitu gani. Matokeo yake ni “Mtandao: Imewashwa” na “Kipaza sauti: Imewashwa”, mambo ambayo mwalimu wa Kiswahili angeyapigia mstari mwekundu. Mtandao umewashwa, kipaza sauti kimewashwa, vipaza sauti vimewashwa, Bluetooth imewashwa. Ngeli haziwezi kuwekwa kando kwa sababu ya urahisi wa mpanga programu.

Mfumo wa kutafsiri programu uitwao gettext unaruhusu kila maandishi yaambatane na muktadha wake, kwa hiyo ingewezekana kutenga neno moja kwa kila ngeli. Tulijaribu kwa siku mbili kisha tukaacha, tukachagua njia ndefu zaidi ambayo ni rahisi kuisoma: kila swichi ina sentensi zake kamili. Hatuungi vipande vya maneno popote ndani ya msimbo. Faili la maandishi limekua mara tatu, lakini mtu akilifungua analisoma kama anavyosoma Kiswahili.

Jambo lililotushangaza ni kwamba, tulipoanza kuandika sentensi kamili, nyakati za kitenzi zilijipanga zenyewe sawasawa na hali za swichi tulizozihangaikia wiki ya tatu. Kitufe kinachoamuru kinasema “Washa mtandao.” Ombi likiwa njiani paneli inasema “Mtandao unawashwa.” Huduma ikithibitisha, “Mtandao umewashwa.” Muda ukipita bila jibu, “Mtandao haujawaka,” maana bado unaweza kuwaka. Huduma ikikataa, “Mtandao haukuwaka,” na sababu inafuata. Tofauti ya haujawaka na haukuwaka ni silabi moja, na ndani ya silabi hiyo mtumiaji anaambiwa iwapo aendelee kungoja au achukue hatua nyingine. Mwenzangu wa huduma za mfumo aliichora orodha ya hali zake upya kwa kuzipa majina ya nyakati hizo, na msimbo wake ukawa mfupi.

Tahadhari moja tumeiweka katika mwongozo wa waandishi. Neno “unawashwa” likisimama peke yake linaweza kusomwa kuwa wewe ndiye unayewashwa mwilini, kwa kuwa kiambishi u- ni cha ngeli ya mtandao na pia ni cha nafsi ya pili. Kwa hiyo kiima hakifutwi kamwe, hata nafasi ikiwa finyu. Ikibidi maandishi yashuke mstari wa pili, na yashuke.

Wiki ya 6

Upau wa pembeni umekamilika. Kumbukumbu inayotumiwa na programu imepungua baada ya kuacha kupakia kurasa ambazo hazijafunguliwa. Umeme ulikatika siku mbili mfululizo, hivyo hakuna majaribio yaliyofanyika shuleni.

Wiki ya 8

Ukurasa wa saa. Tulidhani utakuwa mwepesi kuliko wote, nao umetuchukua wiki mbili kamili.

Mashine nyingi za maabara zina betri ya CMOS iliyokufa, ile ya mviringo kama sarafu iliyo kwenye ubao mama, ambayo kazi yake ni kuendesha saa wakati kompyuta imezimwa. Debian ina huduma iitwayo timesyncd ambayo hulinganisha saa na seva za intaneti, na pasipo intaneti huandika saa ya sasa kwenye diski kila baada ya muda mfupi, ili kompyuta ikiwashwa tena isirudi nyuma kupita hapo. Mashine yenye betri iliyokufa ikizimwa Ijumaa jioni na kuwashwa Jumatatu asubuhi, huamka ikiamini kuwa bado ni Ijumaa jioni. Kosa la siku mbili na nusu halionekani haraka kama kosa la miaka, ndiyo maana linadumu. Kosa likilimbikizwa likizo nzima, cheti cha tovuti (hati yenye tarehe inayothibitisha usalama wake) kilichotolewa juzi kinaonekana cha kesho kutwa, kivinjari kinakataa, na mwalimu anaandika kwa wino mwekundu.

Ukurasa wetu sasa unaanza na sentensi juu kabisa: ama “Saa imelinganishwa na seva,” ama “Saa hii haijalinganishwa tangu kompyuta ilipowashwa. Hakikisha tarehe ni sahihi.” Habari hiyo timedated huitoa wazi kwa anayeiuliza.

Kisha likaja suala la kuweka saa kwa mkono. Timedated hukataa kuwekewa saa iwapo ulinganishaji wa kujiendesha umewashwa, na ukatazaji huo una mantiki mahali penye intaneti. Maabara yetu haina intaneti kila siku. Mwalimu akizima ulinganishaji ili aweke saa, mara nyingi husahau kuuwasha tena, na huduma ile iliyokuwa ikihifadhi saa kwenye diski nayo inakuwa imezimwa. Tumeifanya paneli itimize hatua zote tatu kwa kitufe kimoja: izime, iweke, iwashe tena, na ikikwama katikati iseme imekwama katika hatua ipi.

Tulipolijaribu hilo tulikutana na mtego. Tuliweka kwa makusudi tarehe ya mwaka mmoja mbele, tukaiacha dakika kadhaa, kisha tukairudisha sahihi kwa kitufe chetu. Saa ilikaa sawa kwa kitambo kidogo kisha ikaruka tena mwaka mmoja mbele. Chanzo ni ile ile hifadhi ya kwenye diski: huduma ilipowashwa upya iliona alama ya mwaka ujao, ikahukumu kuwa saa imerudi nyuma, ikaisogeza mbele. Mwanafunzi mmoja mtundu angeweza kuifunga mashine katika mwaka usio wake, na mwalimu asingejua kwa nini marekebisho yake hayashiki. Msaidizi wetu, yaani programu ndogo inayoendeshwa kwa ruhusa ya msimamizi kupitia polkit (huduma inayoamua nani aruhusiwe kufanya nini), sasa hurekebisha alama hiyo kabla ya kuiwasha huduma. Paneli yenyewe haiendeshwi kwa mamlaka ya msimamizi hata mara moja. Msaidizi tu, kwa kazi hiyo moja.

Wiki ya 9

Bado saa, ila sasa ni namna ya kuisoma. Kwenye mashine mbili tulikuta kanda ya saa imewekwa São Paulo. Hatukuelewa mpaka mwalimu alipotueleza kwa utulivu kabisa.

“Mwalimu, hii ya Brazil imefikaje hapa?” nilimuuliza.

“Wanafunzi wa kidato cha kwanza walikuwa wanachanganyikiwa,” akajibu. “Ikiwa saa mbili asubuhi, kompyuta inasema nane. Nikatafuta mji ambao ukiuchagua, inasema mbili.”

Hesabu yake ni sahihi. Sisi tuko saa tatu mbele ya saa ya dunia na São Paulo iko saa tatu nyuma, hivyo tofauti ni sita, na sita ndiyo tofauti kati ya saa ya kimataifa na saa ya Kiswahili. Tatizo ni kwamba kanda ya saa haiishii kwenye maandishi ya pembeni mwa skrini. Tarehe ya mashine hizo ilikuwa ikigeuka saa kumi na mbili asubuhi badala ya saa sita usiku, na mafaili yaliyonakiliwa kwenye flash yenye mfumo wa mafaili wa FAT, ambao huandika saa ya mahali bila kutaja kanda, yalionekana kuwa ya zamani kwa saa sita kuliko yale ya mashine jirani. Kwa njia hiyo orodha mpya ya alama za mitihani iliwahi kufunikwa na ya zamani.

Alichokuwa anakitafuta ni haki yake kukipata, na hapakuwa na mpangilio uliompa. Tumeuweka. Ukurasa wa saa una chaguo la “Onesha saa kwa Kiswahili”, ambalo linaacha kanda ikae Dar es Salaam na kubadilisha maandishi pekee. Hesabu ni nyepesi: ongeza sita, toa kumi na mbili hadi ibaki kumi na mbili au pungufu. Saa 13:00 ni saa saba mchana, na saa 10:45 tunaiandika kwa maneno, saa tano kasorobo asubuhi, kwa sababu tarakimu 4:45 humpoteza msomaji. Tulijadiliana kirefu kama tarehe igeuke jua linapokuchwa, kwa kuwa wazee wetu huhesabu usiku kuwa wa siku inayofuata na bado tunasema usiku wa kuamkia Jumamosi. Tumeiacha igeuke saa sita usiku, maana kalenda ya shule na vyeti vya tovuti hufuata hiyo.

Wiki ya 10

Skrini. Mipangilio yote mingine inatumika mara inapobadilishwa, lakini ukubwa wa skrini unaweza kumwacha mtu gizani, kwa hiyo paneli inauliza “Je, unaona vizuri?” na kurudi ilikotoka asipojibu. Windows hungoja sekunde 15. Skrini zetu za zamani huchukua sekunde nne au tano kuzinduka baada ya kubadilishiwa ukubwa, kwa hiyo tumeweka 25, na kitufe kinachosubiri jibu kimeandikwa “Ndiyo, ibaki hivi.”

Wiki ya 12

Majaribio ya utafutaji. Tuliwaomba wanafunzi waandike neno ambalo wangelitumia, tukakusanya kila neno hata lililokosewa. Kwa ukurasa mmoja wa mtandao tulipata intaneti, waifai, netiweki, mtandao, waya, bando na “inagoma kufungua”. Yote yameingizwa kama maneno ya utafutaji katika faili la programu, ambalo kwa kanuni za freedesktop (viwango vya pamoja vya madawati ya Linux) linaruhusu maneno hayo yawekwe kwa kila lugha. Bando si mpangilio wa kompyuta, lakini anayeliandika anatafuta mtandao, kwa hiyo anapelekwa huko.

Jumatatu mwalimu alirekebisha tarehe ya mashine namba 7 bila kufungua kabati. Halafu akauliza kuhusu printa.

Printa ndiyo tunayoanza nayo wiki ijayo, na tayari tumesimama kwenye kitenzi. CUPS, mfumo wa uchapishaji, huihesabu kazi kuwa imekamilika mara data yote inapofika kwenye kifaa, na kwa printa ya shule, isiyorudisha habari yoyote, karatasi inaweza kuwa imekwama ndani. Hatuwezi kuandika “Kazi imechapishwa.” Kwa sasa rasimu inasema “Kazi imetumwa kwenye printa,” na chini yake kuna nafasi tupu ambayo hatujaafikiana iandikwe nini.